Mkweche, Fundi na Kikokotoo

Gari lililochoka halifii nyumbani. Likiwa uani huwaka kwa ufunguo wa kwanza na kunguruma kwa adabu. Likitaka kutangaza umri wake, huchagua mahali penye watu wengi, penye mwinuko, na penye wakwe. Jijini Mwanza mahali panapotimiza masharti yote matatu ni gati la kivuko cha Kamanga, hasa Jumamosi jioni, watu wanaporudi mjini kutoka Sengerema walikokwenda harusini, msibani au shambani.

Tukio la karibuni, ambalo mhusika wake bado hapendi kuulizwa, ni la Toyota Raum ya namba C. Mwenye gari alikuwa ametoka kumposea mdogo wake. Kwenye kikao, yeye akiwa msemaji wa upande wa muoaji, alirudia mara kadhaa kwamba familia yao inajiweza, na idadi ya ng'ombe wa mahari ikapangwa kwa kuzingatia kauli hiyo. Baada ya pilau, baba wadogo wawili wa binti wakasema nao wana safari ya mjini. Wakapewa lifti, wakaketishwa kiti cha nyuma, na kiyoyozi kikawashwa hadi mwisho.

Safari ingeweza kupita daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 za zege juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025. Mwenye gari alichagua kivuko ili kuokoa petroli. Kwenye foleni ya Kamanga sindano ya joto ilipanda, akasema ni jua. Kivukoni Raum ilipangwa mbele kabisa, heshima inayogeuka adhabu gari lisipotoka, kwa kuwa hakuna wa nyuma atakayeshuka kabla ya wa mbele kushuka. Majengo ya jiji yalipokaribia aliwasha injini mapema, wageni wasipate joto. Mlango wa kivuko ulipogusa saruji ya gati, boneti ikaanza kufuka. Kilichofuka hakikuwa moshi, kilikuwa mvuke, tofauti ambayo abiria waliokuwa wakishuka kwa miguu hawakuijali hata kidogo. "Inaungua! Shukeni!" Fuso lililojaa magunia ya dagaa likapiga honi ndefu. "Mzee, usifungue!" alipaza sauti kijana wa toroli, lakini mkono wenye kitambaa ulikwishafika kwenye kifuniko cha rejeta. Maji ya rangi ya kutu yaliruka kupita paa yakatua kwenye koti la baba mdogo, yule mkubwa kati ya wawili. Hakuna aliyeungua. Koti halikupona.

Raum ikasukumwa kupanda gati na vijana wa mizigo, na fundi mmoja aliyejitokeza bila kuitwa, na baba wadogo wote wawili. Nyuma yao lilikuwa ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 68,000, la pili duniani kwa ukubwa kati ya yale yasiyo na chumvi, na rejeta haikuwa na tone. Mama mwenye beseni la sato kichwani akapita akasema, "Pole baba, magari ndivyo yalivyo." Walipofika juu, baba mdogo akajipangusa koti, akauliza kwa sauti ya upole iliyowafikia hata wauza miwa: "Sasa na ng'ombe wetu, mtawaleta kwa gari hili hili?"

Aibu ya namna hii mara nyingi huhusu vifaa vitatu, na kinachostahili heshima kuliko vyote ni kile kinachodharauliwa kuliko vyote, yaani kifuniko cha rejeta. Petroli ikiungua ndani ya silinda, ni kama theluthi moja tu ya nguvu yake, mara nyingi pungufu, inayozungusha magurudumu. Iliyobaki ni joto. Sehemu hutokea kwenye ekzosi, sehemu huachiwa maji yanayosukumwa na pampu kuzizunguka silinda na kurudi kwenye rejeta kupoa. Sasa Mwanza iko mita zaidi ya 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji hayasubiri nyuzi 100. Huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, jambo analolijua kila apikaye maharage milimani bila kulifanyia hesabu. Ndiyo maana kifuniko kina springi ndani na namba juu yake, 0.9 au 1.1, ambayo wengi huidhani ni namba ya kiwandani. Hicho ni kipimo cha mgandamizo. Springi huyabana maji, na maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Kwa kifuniko cha 0.9, kando ya Ziwa Victoria, hufika nyuzi 115 hivi kabla ya kutokota. Karibu nyuzi 20 za usalama, zote zinatoka kwenye springi ya bei ya chakula cha mchana. Ikilegea, nyuzi hizo hupotea bila taarifa. Na anayefungua kifuniko injini ikiwa ya moto huondoa mgandamizo kwa mkupuo: maji yaliyopaswa kuwa mvuke muda mrefu uliopita yanaruhusiwa kuwa mvuke palepale, na hayana pa kwenda ila juu.

Kifaa cha pili ni feni. Gari likikimbia, upepo wa njiani hufanya kazi yake bure, kwa hiyo feni iliyoungua mota inaweza kukaa miezi bila kujulikana. Hujulikana kwenye foleni. Kiyoyozi nacho hutupa joto lake mbele ya rejeta, maana yake ni kwamba ubaridi waliofurahia wakwe ulikuwa umekopwa kwenye injini.

Cha tatu ni thamostati, na hapa ipo simulizi ya kusikitisha. Ndani yake kuna kidonge cha nta. Injini ikiwa ya baridi, nta huwa ngumu na njia ya kwenda rejeta hufungwa ili injini ipate joto haraka. Zikifika nyuzi 82 hivi, nta huyeyuka, hutanuka, husukuma pini na mlango hufunguka. Hakuna umeme, hakuna waya, hakuna kompyuta, ni nta peke yake inayojua saa ya kufungua na saa ya kufunga. Ni kimoja kati ya vitu vya akili sana chini ya boneti. Fundi wa Mwanza huling'oa dude hili siku ya kwanza anapokutana nalo na kulitupa kwenye majani, akisema, "Bosi, hii ni ya nchi za baridi." Tangu siku hiyo injini hufanya kazi ikiwa haijapata moto sawasawa, kompyuta yake inaamini kila asubuhi ni alfajiri ya Hokkaido, na petroli humwagwa kwa kiwango hicho. Mwenye gari hulalamika kwamba gari linakula mafuta. Fundi humwambia abadilishe plagi.

Gereji nyingi za jiji ni gereji bubu: mti, jiwe la kukalia, boksi la spana, na magari kadhaa ambayo wenyewe wameacha kupiga simu. Uchunguzi huanza kwa swali lisilobadilika: "Hii ulitengenezewa na nani?" Jibu lolote humsikitisha fundi. Hutikisa kichwa, huwaita wenzake waje waone, kisha hutamka: "Hapa ulipigwa, bosi." Fundi aliyepita, ikitokea gari likarudi kwake, atasema hayo hayo kuhusu huyu. Baada ya heshima hizo ndipo hutajwa gasketi ya silinda hedi, karatasi ya chuma inayotenganisha moto, maji na oili, ambayo huweza kufa gari likichemsha. Ishara zake ni mapovu kwenye rejeta injini ikiunguruma, maji yanayopungua bila kuvuja popote, na oili iliyogeuka chai ya maziwa. Fundi mwaminifu humwonyesha mteja ishara hizo kwa macho. Asiye mwaminifu husema "gasketi hiyo" akiwa bado hajafungua boneti, na inakera kwamba mara nyingi huwa amepatia.

Hapo ndipo swali lenyewe huja: kutengeneza au kubadilisha. Kanuni inayotajwa kila mahali ni kwamba matengenezo yakizidi nusu ya thamani ya gari, gari liuzwe. Kanuni ni nzuri, ila inahitaji thamani ijulikane. Mwanza gari moja lina thamani mbili, ya dalali anaponunua na ya dalali huyo huyo anapouza, na kati ya hizo mbili inapita treni. Tatizo jingine ni kwamba gharama haiji kwa jumla. Hakuna anayeletewa hati ya kulipia mkweche wa mwaka mzima. Analetewa bushi leo, shokapu mwezi ujao, kisha alteneta, na kila kimoja kikitazamwa peke yake ni nafuu kuliko gari jipya. Bandubandu humaliza gogo, na gogo lenyewe halijui linaisha.

Kubadilisha, kwa watu wengi, ni kuagiza Japani. Magari ya huko hutoka yakiwa bado mazima kwa sababu ya sheria: gari jipya hukaguliwa likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi una gharama zinazomfanya Mjapani aone afadhali auze. Kwa kuwa nao huendesha kushoto, usukani unakuja upande unaotakiwa. Hadi hapo mpango unapendeza.

Kisha hufunguliwa kikokotoo cha kodi cha Mamlaka ya Mapato (TRA). Chukua gari dogo la cc 1,500 lenye umri uliozidi miaka 10, lililothaminiwa, pamoja na kulifikisha bandarini, shilingi milioni 6. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, unafanya milioni 7.5. Juu ya hiyo huja ushuru wa bidhaa asilimia 5, na nyongeza ya uchakavu asilimia 30, na juu ya jumla yote VAT ya asilimia 18. Kodi peke yake inazidi shilingi milioni 5.9, kabla ya tozo ya reli, wakala wa forodha, namba, bima na mafuta ya kulitoa Dar es Salaam hadi Mwanza, zaidi ya kilomita elfu moja. Anayenunua gari moja analipia mawili, la pili halioni. Na thamani inayotozwa si lazima iwe ile aliyolipa mnunuzi. Ni ile iliyomo kwenye kumbukumbu za mkadiriaji.

Nyongeza ya uchakavu ina hoja yake: nchi isigeuzwe jalala. Nchi tatu zinazolizunguka ziwa hili zimeshughulikia hoja hiyo kila moja kivyake. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi 15 mwaka 2018, Tanzania inayapokea na kuyatoza. Lakini anayeagiza gari la miaka 12 haliagizi kwa kupenda vitu vya kale. Analiagiza kwa kuwa la miaka 4 limemshinda. Kumtoza zaidi kwa sababu hiyo ni kumpiga faini kwa kosa la kutokuwa na fedha, na matokeo yake hayaonekani bandarini. Yanaonekana barabara ya Nyegezi na mlima wa Bugando, ambako mkweche wa zamani zaidi, usio na thamostati, unaendelea kupumulia watu masikioni kwa kuwa mbadala wake umekwama kwenye kikokotoo.

Njia ya kununua hapa hapa kwa dalali inaeleweka kwa haraka. Gari hupimwa kwa herufi ya namba ya usajili, kwa hiyo namba E huuzwa kwa bei ya namba E hata kama lilifika nchini likiwa limekwisha. Injini haijafunguliwa, dereva wake alikuwa dada mmoja wa ofisini, na bei inazungumzika. Dada huyo ameendesha magari mengi sana.

Ipo njia ya tatu, nayo ndiyo inayotumiwa na wengi: kutofanya lolote. Zamani ilikuwa na gharama, kwani ada ya mwaka iliendelea kudaiwa hata gari likiwa limelala. Bajeti ya 2017/18 iliifuta na kuihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Tangu hapo gari lisilotembea halidaiwi chochote. Huwekwa juu ya mawe, ambayo Mwanza haijawahi kupungukiwa, na kuku hulipokea.

Raum ya Kamanga ilitengenezwa. Njiani kutoka gereji ilipoteza tairodi, iliwahi kuzima mbele ya msafara wa matarumbeta, na mlango wa nyuma sasa hufunguliwa kwa nje tu. Ng'ombe walipelekwa kwa Fuso.

Kinachoamua mwisho si hesabu ya mwenye gari. Kila gari linapochemsha sana, silinda hedi huweza kupinda, na ikipinda, ili gasketi mpya ikae, lazima ichongwe ipate usawa. Kila kuchongwa kunaipunguzia unene, na kitabu cha gari kina kipimo ambacho chini yake haichongwi tena. Kabla ya kununua gasketi, mwenye mkweche amwambie mchongaji apime unene na amwonyeshe. Ukiwa umefika mwisho, gari liuzwe wiki hiyo hiyo, likiwa la baridi.