Ana Kilo Ngapi?

Watu wa Morogoro tuna milima ambayo wageni hulipa nauli kuja kuipiga picha, na mji wetu tumeupa jina la mji kasoro bahari. Kwa hiyo asije mtu akaniambia hatujui kutazama kitu kizuri. Tunajua sana. Ila kitu chenyewe kikiwa na mabawa na kucha, akili zote zinashuka tumboni.

Nafuga majogoo wa upanga mkubwa hapa Kihonda. Si wa kuuza, si wa supu. Ni wa kutazamwa. Maneno hayo nimeyasema mbele ya mwenyekiti wa mtaa, fundi umeme na msoma mita, na wote, baada ya kunisikiliza kwa adabu, wameuliza lilelile: "Sawa mzee, lakini ana kilo ngapi?"

Twiga ndiye mnyama wetu wa taifa. Nani aliwahi kuuliza ana kilo ngapi? Wenzetu Kenya wamemchora jogoo katikati ya ngao ya taifa na kumshikisha shoka. Sisi tunamshikisha ndizi na pilipili.

Mkubwa wa banda langu anaitwa Mheshimiwa. Baba yake alikuwa na damu ya Leghorn, wale kuku wenye asili ya Italia. Mama yake ni wa kienyeji, nilimpata Nyandira kule Mgeta, ana miguu imara na mdomo mchafu. Mheshimiwa ana upanga uliosimama wima, mwekundu wa kuiva, wenye meno matano, hakuna la kupunguza wala la kuongeza. Jua la asubuhi likiwa nyuma yake mwanga unapenya, unaona hadi mishipa ya damu. Akisimama ghafla mwili unatulia, upanga unaendelea kutikisika kidogo, kisha nao unatulia. Akinywa maji ndevu zote mbili zinaloa, halafu anamkung'utia usoni aliye karibu, bila hata samahani.

Hayo meno matano sikuyatunga mimi. Wamarekani wana kitabu cha vigezo vya kuku wa maonesho tangu mwaka 1874, na Leghorn wa upanga mmoja anatakiwa awe nayo matano. Huko kuna watu wazima, wenye familia na mikopo ya nyumba, wanaosafiri na kuku kwenye kizimba ili mtu aliyevaa koti jeupe amhesabie meno. Hakuna anayewacheka.

Na asiseme mtu kuwa upanga ni urembo tu. Kuku hatoki jasho. Joto la Januari likimbana, damu inapita kwa wingi kwenye upanga na ndevu, inapoa, inarudi mwilini. Upanga ndio pia cheti chake cha afya: mtetea akikaribia kutaga unakolea wekundu, na kwa mitetea ya Leghorn unalala upande mmoja, akiwa na minyoo unapauka, ukigeuka bluu, mwite mtaalamu wa mifugo kabla hujamwita mchinjaji. Mwaka 1849, huko Göttingen, Ujerumani, mwanasayansi Arnold Berthold aliwahasi majogoo wachanga. Upanga ukanywea, hawakuwika sawasawa, ugomvi ukawaishia, mitetea ikapita mbele yao hawageuki. Wale aliowarudishia korodani ndani ya tumbo wakaendelea kuwa majogoo kamili, upanga juu. Elimu ya homoni inalihesabu jaribio lile miongoni mwa mwanzo wake. Habari hii nilimweleza jirani yangu kwa kirefu kijiweni, kahawa ikapoa mkononi. Akatafakari. Akaniuliza, "Na hao waliohasiwa, nyama yao inakuwa laini?"

Jirani huyohuyo anafuga kuchi. Simdharau kuchi: shingo ndefu, kifua mbele, anatembea na ubabe wake. Hata watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) wanapowachunguza kuku wetu wa kienyeji, kuchi hakosi kutajwa, pamoja na ching'wekwe na singamagazi, na mizani nayo haikosi. Lakini upanga wake ni kitu kidogo kilicholala bapa kichwani, na uzio wa jirani ni matete aliyoyasimamisha kwa dua. Nilikuwa nimemtenga mtetea wangu bora, nimemchagulia mume, nimeandika hadi kwenye daftari. Kuchi akaingia mchana kweupe. Vifaranga walipoanza kuota upanga, nikaona vichwa bapa, mmoja baada ya mwingine.

Mwingereza William Bateson alishaonyesha mwaka 1902, kwa kutumia panga za kuku hawahawa, kwamba kanuni za urithi za Mendel zinawahusu na wanyama: ule upanga mdogo huufunika uliosimama katika uzao wa kwanza. Uliosimama haupotei, unajificha, unaibuka tena kwa baadhi ya wajukuu. Sawa. Lakini kuwasubiri wajukuu ni kununua pumba na mashudu ya alizeti, na bei zake mnazijua. Nilipokwenda kulalamika, jirani alinipigapiga begani. "Ungenishukuru, mzee mwenzangu. Hao watakuwa na kilo."

Wanaodhani kazi yenyewe ni kumwaga mtama na kukaa kivulini waje niwaonyeshe viroboto. Kiroboto wa kuku hana habari ya kurukaruka akishapata mahali. Anazamisha mdomo kwenye ngozi na kukaa palepale, yeye na ukoo wake, wamejipanga weusi kuzunguka jicho na kwenye shina la upanga. Ukimvuta kwa nguvu unaacha kidonda. Unapaka mafuta ya mgando, taratibu, mpaka wakose pumzi, huku umemkumbatia jogoo kwapani na yeye anakutazama kwa jicho moja akikuwekea kisasi. Kisha unafagia banda na kulipulizia dawa, maana wadogo zao wanakulia mchangani. Mke wangu ana maoni yake kuhusu kopo la mafuta ya mgando, lakini safu hii ni ya kwangu.

Masika ikifika mbu wanaleta ndui, na ndui huanzia hasa sehemu zisizo na manyoya: upanga, ndevu, kope. Vipele vikikauka vinaweza kuacha makovu, na upanga wenye kovu hauendi kwenye maonesho yoyote, hata ya hapa uani. Dawa yake ni chanjo ya kuchoma kwenye ngozi ya bawa, mapema. Mdondo ndio usiseme, huo unafagia banda zima. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, rahisi kabisa, ila kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko nilionao, na kikishafunguliwa hakingoji. Inabidi nizunguke mtaa kuwaomba watu walete kuku wao tuchangie. Mmoja kasafiri, mwingine anasema mdondo ni upepo tu, wa tatu ana maji yake ya mwarobaini. I-2 inavumilia joto kuliko chanjo za zamani. Majirani haiwezi kuwavumilia.

Lakini adui mkubwa kuliko kiroboto amekuja na reli. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, ndugu zetu wa Dar wamegundua kwamba wanatupenda. Safari ni ya saa mbili hivi. Wanafika njaa ya asubuhi ikiwa bado mbichi. Maji ya Ruvu wanayokunywa yanatoka Uluguru. Kabichi za Mgeta tunawapelekea. Bado wanashuka stesheni wakiuliza habari za jogoo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Jogoo hawakumtaja.

Hao wa Dar angalau unaweza kuwadanganya. Mjomba wa mke wangu huwezi. Mke wangu ni Mluguru, na kwa Waluguru ukoo unapita kwa mama, kwa hiyo mjomba akishuka kutoka Matombo, hajaja mgeni, yamekuja mamlaka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na huyu?" Ncha ya bakora ikamwelekea Mheshimiwa.

"Huyu ni wa kutazama tu, mjomba."

Mjomba akamtazama. Nimtendee haki, hakuna mtu aliyewahi kumtazama jogoo wangu kwa makini namna ile. Alimzunguka, akainama, akauangalia upanga, kifua, na kwa muda mrefu zaidi mapaja. Halafu akavua kofia, akavuta kiti, akakaa akielekea jikoni.

"Haya, mkwe. Nimeshamtazama."

Tulituma mtoto mbio akanunue broila. Mjomba alikula, akanawa, akashukuru, na kwenye vikao vya ukoo sasa natajwa kama mkwe aliyemnyima mjomba jogoo. Mheshimiwa usiku ule aliwika kuanzia saa nane.

Nimalizie kwa ombi, na wahusika wanajijua. Agosti hii maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Mashariki yatajaza tena watu wa Morogoro, Pwani, Tanga na Dar pale viwanja vya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Ng'ombe wa maziwa watakuwepo, mbuzi watakuwepo, sungura watakuwepo, na kuku watasifiwa kwa mayai na uzito kama kawaida. Naomba meza moja. Pembeni, hata karibu na vyoo. Iandikwe kwamba hapa majogoo wanashindanishwa kwa sura, na mizani isikaribie. Mheshimiwa ataletwa na kizimba chake, kufuli lake na chanjo zake zote. Kinachotakiwa ni hakimu mmoja mwenye rula, ambaye ameshakunywa supu kwao kabla hajaja.