Namna ya Kutoeleweka Songea kwa Kiswahili Fasaha

Mvua za kwanza zikishanyesha, mtumie shemeji yako wa Dar es Salaam ujumbe: "Shem, mzee keshapanda." Ishia hapo, usitaje mahindi wala basi. Kesho yake shemeji atakuwa stendi ya Magufuli, Mbezi, akichungulia kila basi linalotoka Songea, na mzee yuko shambani anakagua mistari yake. Akipiga simu kwa hasira, mpe kweli tupu: amepanda, na mbolea kaweka.

Mgeni akitaka mahali pa kukutana, mwambie "Majimaji." Ataenda uwanjani. Wewe umeshakaa Makumbusho ya Majimaji, Mahenge, unamlaumu kwa kuchelewa.

Adui yako mkubwa ni ngeli. Ukimwambia fundi "paa langu limetoboka," umejisaliti mwenyewe: hata mtoto anajua huyo si paa wa porini, maana angekuwa wangu. Basi tafuta maneno pacha yanayokaa ngeli moja, na hapo hakuna kama sura. Rafiki yako anayesoma chuo akikupa tasnifu yake uipitie, mrudishie mbele ya mchumba wake, kwa sauti: "Sura yako imenikosesha usingizi." Kisha nyamaza, tazama pembeni. Sarufi haina kosa hata moja, na mchumba hana pa kukushika.

Kwa Waarabu mchezo huu haupo. Sura ya uso wanaiandika kwa sadi, ya Kurani kwa sini. Sisi tulizipokea zote mbili, tukazivisha s moja. Neema iliyoje!

Wenzetu kwenye neema hii ni Wakorea. Walichota maneno chungu nzima Uchina, kila moja na herufi zake, lakini siku hizi wanayaandika kwa Hangul, alfabeti iliyotangazwa mwaka 1446, inayofuata matamshi. Kwa hiyo sudo ni mji mkuu, na sudo ni huduma ya maji ya bomba. Mtu wa Bombambili ya hapa Songea angejiona yuko kwao. Ila Wakorea wana udhaifu: wakihofia msomaji atababaika, huchomeka zile herufi za Kichina kwenye mabano.

Wewe usithubutu. Mchumba akiuliza, "Sura ipi?" jibu, "Hiyo hiyo," halafu aga haraka.