Injini Ndiyo Mwongozaji wa Watalii

Msafiri wa pikipiki hupanga vivutio vyake mezani, ramani mbele yake na chai pembeni. Pikipiki nayo hupanga vyake njiani, na mara nyingi msafiri ndiye anayesalimu amri.

Desemba 11, 1934, Theresa Wallach na Florence Blenkiron waliondoka London kwenda Cape Town kwa Panther ya cc 600, yenye kigari cha ubavuni na trela nyuma. Hawakuwa wanabahatisha. Blenkiron alikuwa mwanamke wa kwanza kuzunguka uwanja wa mbio wa Brooklands kwa pikipiki kwa kasi ya maili 100 kwa saa, na Wallach alisomea uhandisi. Walichokosa ni dira tu. Na mbele yao kulikuwa na Sahara! Aliyewahi kupotea Kariakoo mchana kweupe atauonea wivu ujasiri wao.

Mchanga hauna adabu kwa pikipiki inayovuta trela. Magurudumu yanazama, watu wanashuka na kusukuma, injini inanguruma kwa gia ya kwanza bila upepo wa kuipoza. Mwishowe ikagoma kabisa. Wenyeji wakaivuta kilomita 40 hivi, na kigari chake na trela lake, ikikokotwa kama mbuzi wa Idi aliyekwishajua anakopelekwa.

Huko Agadez injini ilifunguliwa yote ikaundwa upya. Mji huo una msikiti wa udongo uliojengwa mwaka 1515 na kujengwa tena 1844, wenye mnara wa mita 27 hivi uliochomozwa boriti kila upande. Mafundi hupanda kwa boriti hizo kuukandika udongo unapomomoka. Yaani mjenzi alijua kabisa kwamba kazi yake itaharibika, akamwachia fundi ngazi mlemle ukutani. Waundaji wa pikipiki hawajafikia ustaarabu huo hadi leo: nati inayolegea ndiyo ileile isiyofikiwa na spana.

Mtalii wa kawaida huupiga picha mnara kama huo, akanywa soda, akaondoka. Mwenye injini iliyotapakaa chini huutazama hadi auzoee.

Ernesto Guevara, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari, na rafiki yake Alberto Granado nao walipangiwa vivutio na pikipiki mwaka 1952. Norton yao ya mwaka 1939 ilikuwa ikifungwafungwa waya kila palipolegea, mpaka ikawafia Chile. Hapo ndipo safari iliponoga: wakidandia malori, walifika mgodi wa shaba wa Chuquicamata, kisha Machu Picchu huko Peru. Laiti Norton ingepona, huenda wangeyapita mengi wakiwa wameinamisha vichwa, wanasikiliza mlio usioeleweka.

Wallach na Blenkiron, kwa upande wao, waliendelea kusini hadi Tanganyika. Barabara zilikuwa tupu. Siku zilipita bila kuona gari. Hatimaye likatokea moja. Wakagongana nalo uso kwa uso, na bara zima la kupishania lilikuwepo.

Hata hivyo, Julai 29, 1935, waliingia Cape Town. Miaka ya baadaye Wallach alihamia Marekani, akafungua shule ya kufundisha pikipiki Phoenix, Arizona, akaendesha hadi umri wa miaka 88, macho yalipomkatalia. Maisha yake yote hakumiliki gari. Baada ya lile la Tanganyika, nani amlaumu?