Waacheni wenye vyeo vyao

Wanaoibeza tovuti ya bima ya afya ya Marekani, HealthCare.gov, hawana shukrani. Siku ilipofunguliwa, 1 Oktoba 2013, watu sita walifaulu kujiandikisha. Sita! Foleni gani ya serikali imewahi kuwa fupi hivyo? Hata ikulu haichagui wageni kwa umakini huo. Makandarasi walikuwa 55, na sehemu ya kila mmoja ilikuwa nzima kabisa; mbovu ilikuwa ya jirani. Kifaa cha kuonyesha kama tovuti iko hewani? Cha nini, na televisheni ipo inatangaza? Ndipo akaletwa Mikey Dickerson kutoka Google, na ushamba wake: kikaoni azungumze anayelijua tatizo, si mwenye cheo. Wiki chache baadaye tovuti ikafanya kazi. Jamani, adabu ya ofisini imekwenda wapi?