Namna ya Kushtakiwa kwa Kuiba Wimbo Wako Mwenyewe

Kwanza uwe na kipaji hasa, maana asiye na kipaji hafiki mahakamani kwa kosa hili. Mfuate John Fogerty, aliyezaliwa Berkeley, California, mwaka 1945. Unda bendi na kaka yako Tom na vijana wawili mliosoma pamoja, Stu Cook na Doug Clifford, muiite Creedence Clearwater Revival. Kisha tunga usiku na mchana. Mwaka 1969 pekee walitoa albamu tatu, na karibu kila wimbo uliovuma aliutunga John. Sauti yake ya mkwaruzo inakufanya uape kwamba amekulia kwenye vinamasi vya Louisiana.

Hatua ya pili ndiyo roho ya mwongozo huu: saini mkataba unaoipa lebo hakimiliki ya nyimbo zako. Fogerty na wenzake walisaini na Fantasy Records. Bendi ikishavunjika, kama yao ilivyovunjika mwaka 1972, utagundua kwamba wewe mwenyewe hujafunguliwa. Ukitaka kutoka, lipa. Fogerty alilipa kwa kuachia mirabaha yake ya nyimbo za Creedence.

Sasa nyamaza. Kwa miaka mingi alikataa kuziimba jukwaani nyimbo zilizompa jina, kwa kuwa faida ilikwenda kwa watu aliokosana nao. Sijui adhabu kali zaidi kwa mwimbaji. Watu wamejaa uwanjani, wanazijua nyimbo zako neno kwa neno, nawe umefumba mdomo.

Ukirudi, rudi kwa kishindo. Albamu yake ya Centerfield ilishika namba moja Marekani mwaka 1985. Ndani yake mlikuwa na wimbo "The Old Man Down the Road", na Fantasy ikadai umenakiliwa kutoka "Run Through the Jungle" wa mwaka 1970. Aliyetunga ule wa zamani ni nani? Fogerty. Mwenye hakimiliki? Fantasy. Hongera, umeshtakiwa.

Siku ya kutoa ushahidi usisahau gitaa. Mwaka 1988, mjini San Francisco, Fogerty alilipiga mbele ya jopo la wananchi, akawaonyesha jinsi anavyotunga na kwa nini nyimbo zake hufanana sauti bila kuwa wimbo mmoja. Wakampa ushindi. Gharama za mawakili zikabaki mgongoni mwake, akapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1994 ikaamua kwamba mshtakiwa aliyeshinda kesi ya hakimiliki apimwe kwa kipimo kilekile cha mlalamikaji aliyeshinda anapoomba kurudishiwa gharama hizo. Wasanii waliokuja baada yake wanakingwa na uamuzi huo hadi leo.

Hatua ya mwisho ni kuishi muda mrefu. Januari 2023, akiwa na miaka 77, Fogerty alipata sehemu kubwa ya haki za nyimbo zake za Creedence. Zilistahili kuwa zake tangu siku alipozitunga.