Nailoni Kwanza, Injini Baadaye

Kijana akitoka dukani na bodaboda mpya, kitu cha kwanza kulindwa ni nailoni ya kiti. Haitolewi. Itakaa hapo mpaka ipasuliwe na jua, abiria akiteleza kila breki ikishikwa, maana mtaa lazima ujue chombo ni kipya. Injini haina nailoni, basi haionewi huruma. Kijitabu kinasihi: kilomita 500 au 1,000 za mwanzo, kutegemea aina, usivute mafuta mpaka mwisho wala usibebe mzigo mzito, ringi za pistoni zipate kukaa vizuri kwenye silinda, kisha mwaga oili mapema, kwani inabeba chembechembe za chuma. Kijitabu chenyewe kimo chini ya kiti, nacho bado kimo kwenye nailoni yake. Siku hiyohiyo chombo kinapanda mlima na mshikaki wa abiria wawili na gunia la mkaa, kwa kuwa tajiri mwenye chombo anataka hesabu yake jioni. (Gari lake mwenyewe analiendesha kama amebeba mayai.) Miezi michache baadaye, moshi wa bluu ukianza kutoka, lawama zote ni za kiwanda. Mwenye duka hana neno: ringi anauza.