Ngeli ya Mdudu Mchimbaji

Ubishi kuhusu neno virusi haujaisha: virusi anakula, virusi inakula, au virusi vinakula? Baada ya wiki sita za utafiti uliofanyika sebuleni kwangu Mbagala bila ufadhili wa yeyote, nathubutu kutoa hukumu kwa jamii moja tu, ile inayochimba sarafu ya Monero kwenye kompyuta ya mtu bila kumwambia. Huyu ni wa A-WA. Hana uhai, lakini ana tabia, na mwenye tabia huwezi kumwita “kile”.

Kwanza data. Kompyuta ya mezani, ya mtumba, ilianza kunguruma saa nane za usiku kama mashine ya kusaga. Yuniti za LUKU zilizozoea kufika mwisho wa mwezi zikawa zinakata roho tarehe 20. Kwa kufuata kanuni za utafiti nilianza na washukiwa wa kawaida: friji, pasi, na shemeji aliyehamia kwetu mwezi huohuo. Shemeji alihojiwa mara mbili. Hesabu ingenizindua mapema: wati 100 za ziada kwa saa 24 ni yuniti 2.4, yaani 72 kwa mwezi. Hakuna shemeji anayepiga pasi kiasi hicho.

Sasa spishi. Mpangaji wa kivinjari ametoweka, ama karibu. Alizaliwa na huduma ya Coinhive Septemba 2017, akafungiwa mlango Machi 2019. Alikaa ndani ya ukurasa wa tovuti, na kwa kawaida ukiufunga naye anaaga. Februari 2018 alionekana hata kwenye tovuti ya ofisi ya Uingereza inayolinda taarifa za watu, akiwa amepitia programu ya kuwasomea wasioona vizuri. Tunamkumbuka kwa heshima. Hakuwa na mazoea ya kulala kwa watu.

Mwenye jina la watu hujiita svchost.exe. Wenye jina hilo kihalali wako wengi ndani ya Windows, kwa kawaida wenyeji wa System32, hivyo akiongezeka mmoja hahesabiwi. Ukimuuliza anakaa folda gani ndipo anapoumbuka, kama mtu anayekula pilau ya harusi kwa jina la mjomba wa bwana harusi.

Wangu alikuwa wa tatu: mwenye haya. Nikifungua Task Manager, prosesa inaonyesha asilimia 98 kwa kupepesa jicho, kisha 4. Feni inashusha pumzi. Nikifunga, nahesabu hadi kumi, na ngurumo inarudi. Nilirudia jaribio hili mara 11 mbele ya shahidi (shemeji, ambaye sasa alikuwa na maslahi). Kwa siku tatu usiku tuliacha Task Manager wazi hadi asubuhi, na nyumba ikalala kimya. Ndiyo tiba pekee niliyoigundua mwenyewe.

Kwa nini Mbagala? Tangu Novemba 2019 Monero huchimbwa kwa kanuni iliyotungwa makusudi ili prosesa ya kawaida ifae, na miamala yake huficha mtumaji na kiasi. Mashine ya mtumba haidharauliwi. Mgeni wetu wa methali hupewa jembe siku ya tatu. Huyu alikuja nalo begani, ila shamba ni la mwingine.

Kuhusu alivyoingia nitasema kwa ufupi. Mwaka 2021 kampuni ya Avast ilieleza mchimbaji aliyefichwa ndani ya gemu zilizovunjwa kufuli, aliyekutwa kwenye kompyuta zaidi ya 222,000. Nami nilikuwa na gemu ya mpira, ya bure, niliyoipakua mwenyewe. Ilipogoma kufunguka niliambiwa nizime antivairasi. Nikazima.

Fundi alikuja Jumamosi, akapiga window upya. Kompyuta ikawaka, nyepesi, feni haisikiki. Kisha akatoa flashi mfukoni aniwekee programu za ofisi, “za bure, kaka, kila mtu anatumia hizi.” Shemeji aliacha kutafuna. Fundi akasema tu kwamba kabla hajachomeka, ingebidi nizime antivairasi kidogo.